Nimempeleka kijana Yala

Wazee, leo nimemfikisha kijana shule ya St. Mary's Yala, aanze sekondari. Sanduku la chuma, godoro, ndoo, jembe. Fundi wa Gambogi ameandika jina kwa rangi nyeupe, herufi ya mwisho ikakosa nafasi ikapanda juu. Hataibiwa, hilo nina hakika.

Njiani akaniuliza kama ni kweli Tom Mboya, yule mwanasiasa, alisoma hapa. Ni kweli, miaka ya 1940, kabla hajaenda shule ya Mang'u. Shule yenyewe ni ya 1927, kazi ya mapadri wa Mill Hill, wale wale waliofungua misheni za Mumias na Mukumu. Hapo ndipo nilipojisahau nikaanza hadithi za enzi zetu: kengele kabla ya jogoo, maji baridi, sala ya Malaika wa Bwana saa sita, na foleni ya githeri, yaani mahindi na maharagwe, ambapo mono, mwanafunzi mgeni wa Kidato cha Kwanza, alikuwa wa mwisho daima. Kwaya ndiyo iliyoniokoa; waimba besi walipewa chai ya ziada kabla ya Pasaka.

Mama yake akanifinya. Kijana ameuliza tu kama bado kuna githeri.