Siku Moja Maishani Mwangu: Alhamisi, Shosho na Ukurasa wa Kumi na Mbili

Alhamisi ndiyo siku yetu ngumu. Mazishi mengi huangukia Ijumaa na Jumamosi, na kabla mwili haujatolewa mochari, kijitabu cha marehemu sharti kiwe kimechapwa, kimekunjwa na kimeingia kwenye katoni. Nafanya kazi kwenye duka la uchapishaji kando ya River Road, Nairobi, ghorofa ya pili, juu ya muuza betri. Wenzangu hushughulikia kadi za harusi na mabango ya wanasiasa. Meza yangu mimi ni ya marehemu. Napokea picha na wasifu, nasahihisha, napanga kurasa, nabishana na jamaa. Mara nyingi aliyefariki ni mama ya mtu na shosho, yaani nyanya, wa watu wengi.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Niko ndani ya matatu ya Githurai, Thika Road bado haijashikana, na simu haitulii. Jana niliingizwa kwenye kundi la WhatsApp la kamati ya mazishi. Kundi lilianza na pole, likaja kwenye michango, na sasa wanagombania nani atapanda gari lipi. Mimi nasaka picha tu. Niliwaomba wazitume kama dokumenti, kwa sababu zikitumwa kwa njia ya kawaida hubanwa, na ukichapa uso unatoka na mabaka. Zimekuja zote zimebanwa. Nashuka Ngara, naupita mzunguko wa Globe kwa miguu, nanunua mandazi mawili.

Saa mbili asubuhi. Mjukuu wa marehemu ananingoja kwenye ngazi. Ni msichana wa miaka thelathini na kidogo, amebeba mfuko wa plastiki uliojaa karatasi. Shosho wake anazikwa kesho huko Karatina, na wanataka nakala mia tatu. Mjomba wake, kifungua mimba wa marehemu, atakuja baadaye na pesa. "Dada, mimi nimetumwa tu na vitu," ananiambia. Wanaotumwa na vitu ndio huwa na habari.

Naisoma rasimu ya mjomba. Ukurasa mmoja. Mama alikuwa mcha Mungu, mkarimu, mwenye bidii, mwenye upendo usio na kifani. Ukinipa akina mama kumi, naweza kuwavisha wote sentensi hiyo bila kubadilisha herufi. Siilaumu familia, mtu aliyefiwa huokota neno lililo karibu. Lakini mtu atakayekalia kiti cha kukodi chini ya hema kesho, amekishika kijitabu hiki mkononi, anastahili kujua ni nani hasa anayezikwa.

Saa tatu. Tunaanza na mwaka wa kuzaliwa, na hapo tu nusu saa inakwisha. Kitambulisho kinasema 1948. Kadi ya kliniki inasema 1942. Mjomba, kwa simu, anashikilia 1940, sababu yake ni kwamba mama alikuwa mzee sana. Mwishowe msichana anampigia mdogo wake shosho wa kiume, mzee aliyebaki kijijini, na kuweka spika. Mzee hatajii mwaka wowote. Anasema dada yake alikuwa bado anabebwa mgongoni ile njaa ya mihogo ilipowakuta. Hiyo inajulikana: Wakikuyu huiita Ng'aragu ya Mianga, na ni ya 1943. Anaendelea bila kuulizwa: hali ya hatari ya wakati wa Mau Mau ilipotangazwa Oktoba 1952 dada yake alikuwa wa kuchunga mbuzi, na walipohamishwa kwa nguvu na kurundikwa vijijini, mama yao akawa analazimishwa kwenda kuchimba ule mtaro mrefu wa kuzingira msitu wa Mlima Kenya, huku msichana huyo akiachiwa wadogo zake wote.

"Hao wadogo zake ni pamoja na wewe, guka?" mjukuu anamuuliza babu huyo.

"Ni nani alikuwa ananipa uji, unafikiri?"

Tumeandika 1942. Na uji tumeuandika.

Saa nne hadi saa sita. Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na hakuna mashine inayotumika zaidi ya masikio. Rasimu ya mjomba ilikuwa na mstari huu: "Aliwalea wajukuu wake kwa mapenzi makubwa." Namuuliza msichana, aliwalea vipi? Ananyamaza, halafu anaanza kuzungumzia viazi.

Shosho alikuja Nairobi baada ya Uhuru, akaishia kuuza viazi Marikiti, yaani Soko la Wakulima kama linavyoandikwa kwenye barua za serikali. Malori ya kutoka Nyandarua na Molo hushusha mzigo usiku, kwa hiyo alitoka nyumbani Huruma kabla hata muadhini hajaadhini. Viazi vikubwa vilikuwa vya wateja. Vile vidogo kama golori, ambavyo hakuna mtu angevinunua, vilirudi nyumbani kwenye leso. Mwaka wa 2001 binti yake akafariki na kuacha watoto watatu. Kifo hicho hakikuwa na jina nyumbani mwao. Miaka ile nyumba nyingi zilikuwa hivyo. Serikali ilikuwa imetangaza ukimwi kuwa janga la taifa mwaka wa 1999, lakini kwenye vijitabu tuliendelea kuandika "aliugua kwa muda". Kizazi kizima cha mashosho kilianza kulea upya kikiwa tayari kimezeeka, na ukipitia mafaili ya kompyuta yangu utawakuta mmoja baada ya mwingine.

Januari 2003, elimu ya msingi ilipofanywa ya bure, zaidi ya watoto milioni moja waliongezeka madarasani nchini. Mmoja wao ndiye huyu aliyeketi mbele yangu. Alikuwa na miaka tisa, hajawahi kuketi darasani. Shosho hakwenda sokoni siku hiyo. Alipanga foleni kwenye lango la shule tangu usiku akiwa na kigoda chake cha sokoni, na mwalimu aliposema mtoto ni mkubwa mno kuingia darasa la kwanza, shosho akaweka kigoda chini, akakikalia, akasema yeye hana haraka. Saa nane mchana mtoto akaandikishwa.

Nimefuta mapenzi makubwa. Nimeweka kigoda.

Saa saba mchana. Githeri kwa mama wa kibanda cha chini, na parachichi. Redio yake iko wazi. Mteja mzee pembeni anakumbuka zamani, Sauti ya Kenya ilipokuwa ikisoma matangazo ya vifo na mtaa wote ukinyamaza kusikiliza kama kuna jina la kwao. Siku hizi mtu hujua amefiwa akiwa kwenye matatu, katikati ya picha za kuchekesha.

Saa nane. Picha. Watu wa umri wa shosho hawakupigwa picha peke yao ila za kitambulisho. Wako pembeni mwa harusi za wengine. Ile nzuri kuliko zote ni ya harusi ya mpwa: shosho amefunga kitambaa cha manjano, macho yamebanwa na jua, na mkono wa bibi harusi umelala begani mwake, glavu nyeupe, vidole vinne. Nilikaa na vidole hivyo kama saa nzima. Cha kwanza na cha pili vilitoka vizuri. Cha tatu kilikuwa juu ya mkunjo wa sweta, na ukikifuta sweta inapoteza ufumaji wake, inakuwa kama ukuta uliopakwa rangi. Nikakopi kipande cha sweta kutoka bega la upande wa pili, nikakigeuza, nikakilaza pale. Kidole cha nne nimekiacha kidogo ukingoni. Msichana ameona, akasema, "Wacha kikae."

Saa tisa na nusu. Mjomba anafika, suti ya kijivu, simu mbili. Tunaingia kwenye majina. Kwa desturi ya Kikuyu msichana hupewa jina la nyanya yake, kwa hiyo shosho mwenye watoto saba ameacha wajukuu watano wanaoitwa jina moja, lake. Tunawatofautisha kwa mahali: wa Huruma, wa Nyeri, wa Ruiru, na wawili wa Karatina ambao itabidi tutumie majina ya baba zao. Halafu kuna mke wa mtoto wa nne, walioachana zamani. Mjomba anasema asiandikwe. Mjukuu anasema ndiye aliyekuwa akimwosha shosho miguu mwaka huu wote. Mjomba anaangalia dirishani, anapiga simu kwa mtu, anarudi. "Muweke. Lakini mwishoni." Nimemweka kwa mpangilio wa waume zao, kama wengine, naye mjomba hajalalamika.

Kuna neno jingine pia ambalo mjomba hakulitaka. Mjukuu alinisimulia kwamba zile elfu mbili za Inua Jamii, pesa za serikali kwa wazee, zikiingia, shosho alimtumia mjukuu aliye chuoni nauli kwanza, kisha akajinunulia ugoro. Mjomba: ugoro utoke, akina mama wa kanisa watakuwepo. Nikamwambia, mzee, hao akina mama ndio walikuwa wakimwomba. Akacheka kwa mara ya kwanza tangu aingie. Ugoro umebaki, kwa sharti kwamba uitwe "dawa yake ya pua".

Saa kumi na moja jioni. Kijitabu cha kukunja na kupiga pini katikati hujengwa kwa kurasa nne nne. Tulikuwa na kumi na moja. Hiyo moja iliyobaki ndiyo huleta maneno kila wiki. Mjomba anataka shukrani kwa viongozi, kwa majina na vyeo. Mjukuu anatoa daftari kutoka kwenye ule mfuko.

Ni daftari la madeni la Marikiti. Shosho aliacha shule darasa la pili, hakuwa mtu wa kuandika sana. Kila mdeni ana alama yake: mkokoteni, kofia, jicho moja, mwanamke mwenye mimba. Mbele ya kila alama kuna vijiti, kijiti kimoja ndoo moja ya viazi. Aliyelipa vijiti vyake vimepigwa mstari wa kalamu nyekundu. Kurasa za mwisho mwisho vijiti ni vingi na wino mwekundu hakuna.

"Weka huo ukurasa," nikasema kabla sijaulizwa.

Mjomba akalichukua daftari, akalisogeza mbali na macho, akalisogeza karibu. Akaweka kidole juu ya alama ya kofia. "Huyu namjua. Huyu atakuwa pale kesho, na atasoma Biblia."

Tukajadiliana. Mwishowe nikapiga picha ya nusu ya juu, penye mkokoteni na jicho na wino mwekundu mwingi, kofia tukaiacha nje. Viongozi tumewapa mistari miwili chini kabisa, bila vyeo.

Saa moja usiku. Mjomba amesoma nakala ya kwanza neno kwa neno, ametia sahihi kila ukurasa, kwa sababu sheria ya meza yangu ni kwamba jina likikosewa baada ya sahihi, gharama ni ya mwenye sahihi. Mashine imeanza. Stima imepotea, imerudi, imepotea tena. Jenereta ya jirani tumeiomba kwa pesa. Vijana wanakunja, gilotini inanyoosha kingo, katoni mbili zinafungwa kwa utepe.

Saa tatu usiku. Wameondoka. Mjomba ametuma salio kwa M-Pesa akiwa ngazini, nami nikasubiri ujumbe uingie kabla ya kuzima kompyuta.

Saa nne. Niko ndani ya gari la kurudi, tumeshapita Pangani, simu inaita. Ni msichana. Wanawake wa Marikiti wamekodi basi lao wenyewe na wanataka nakala sitini zaidi. Si za kijitabu chote. Wanataka ukurasa wa daftari, mzima, pamoja na kofia. Nikamuuliza kama mjomba anajua. Akasema mjomba amelala. Nikampa namba ya kijana anayelala dukani.