"Haioni, au hujaangalia?"

Ni Jumapili usiku, watu wote wamelala, na mimi bado namsikia Mwalimu.

Mnamjua, yule mzee wetu wa Jumanne, anayekuja dukani na mkongojo wake, anakaa kwenye kile kiti cha plastiki karibu na mashine ya fotokopi na kunitajia ukoo wao jina kwa jina, nani alimzaa nani, nani alivuka akaoa Busia ya upande wa Kenya akabaki hukohuko, nani kazikwa wapi, mimi nachapa. Tuko ukurasa wa 64. Macho yake hayasomi tena. Kwa hiyo yale majina yapo kichwani mwake na kwenye kompyuta yangu, basi, hakuna mahali pa tatu.

Jumatatu asubuhi nikawasha kompyuta ikagoma, skrini nyeusi na mstari mmoja wa maandishi meupe kwamba haijapata diski ya kuwakia. Nikazima nikawasha, vilevile. Jioni fundi akaja, akabonyeza, akatazama ule mstari, akasema diski imekufa hiyo, tafuta laki na nusu nikuletee nyingine. Kasha hakulifungua. Nami nikakubali palepale, ndipo panaponiuma.

Maana kesho yake Mwalimu akafika. Nikamweleza.

"Kwa hiyo maneno yangu yako wapi, binti yangu?"

"Yamo humohumo ndani, Mwalimu, ila mashine haiioni diski."

Akakaa kimya, halafu polepole kabisa, "Haioni, au hujaangalia?"

"Nimeangalia, Mwalimu."

Nilikuwa sijagusa hata skrubu moja! Akasema sawa binti yangu, akachukua mkongojo wake, akaondoka. Angenifokea ningelala. Lakini ile "sawa" yake, yaani nimeibeba kwenye boda, nimeosha nayo vyombo, hata Jumamosi mahari ya dada ilipofika (ng'ombe wote wazima, asanteni mliotuma salamu) watu wanapiga vigelegele mimi nasikia tu "haioni, au hujaangalia".

Jumatano usiku nikashindwa. Nikafunga duka nikiwa ndani, kijana wangu akanishikia tochi ya simu. Kwanza nikaingia bayosi, ule ukurasa wa mipangilio ya kompyuta kabla Windows haijafunguka, kwenye hii yangu ni kubonyeza F2 mara tu inapowaka. Pale kwenye orodha ya sata, yaani milango ya ndani ya kuchomekea diski, mlango wa kwanza mtupu, mlango wa pili ile mashine ya zamani ya kusomea dividii inaonekana vizuri. Nikazima, nikachomoa umeme, nikafungua kasha. Vumbi jamani. Nikaliacha wazi, nikawasha tena bila kugusa kitu, nikasogeza sikio karibu na diski nikaisikia inazunguka, vuuu laini, bila ile ka-ka-ka ya diski iliyoharibika. Nikajiambia mfu hapumui hivi. Inazunguka maana yake umeme unaifikia, labda njia ya kupeleka habari ndiyo imekatika.

Diski ina waya mbili, ule mpana wa umeme na ule mwembamba wa habari. Nikazima tena, nikachomoa ule mwembamba, na kichwa chake kimepasuka pembeni, kile kibati cha kushikilia hakipo, unacheza kama jino la mtoto. Waya mpya saa nne usiku ningeitoa wapi? Nikakumbuka dividii inatumia waya ya aina ileile, nikaichomoa huko nikaichomeka kwenye diski, nikawasha, F2. Kwenye mlango wa pili, palipokuwa pa dividii, sasa jina la diski na GB 500 zake zote!

Nilipiga kelele mtoto akaangusha simu. Windows ikafunguka, nikaenda moja kwa moja kwenye faili la Mwalimu nikashuka mpaka chini, jina la mwisho ni la shangazi yake aliyezikwa Majanji, lipo, halijapungua herufi. Kabla ya kitu kingine chochote nikalinakili kwenye flashi mbili, moja ninayo shingoni, nyingine iko kwa mama mdogo kwenye kopo la sukari. Furaha ile siwezi kuieleza, tulitembea hadi nyumbani tumeshikana mikono tunaimba, usiku ule.

Nimemtuma mjukuu wake amwambie maneno yapo. Jumanne atakuja, atauliza tuliishia wapi, nitamsomea. Na lile la "nimeangalia" nataka nimwambie kabla hajaketi, akishaketi sitaweza.

Halafu ule mfenesi nyuma ya jikoni, tangu mvua ya Alhamisi umeinama kuelekea kwetu na udongo umepasuka upande wa mizizi. Mwenye nyumba anasema utasubiri mpaka mwisho wa mwezi. Kitanda cha kijana kiko ukuta huohuo. Nimekivuta katikati ya chumba, na sasa hivi nasikia upepo umeanza.