Huntsville, Texas: kwa gavana aliyekataa kuapa

Ukitoka jiji la Houston kwa barabara kuu ya I-45 kwenda kaskazini, Huntsville ni kama kilomita 110. Niliondoka alfajiri, maana joto la Julai huko ni kali na makaburini kuna mengi ya kutembelea kwa miguu. Kabla ya mji, mkono wa kulia, sanamu nyeupe ya gavana huyo, Sam Houston, inachomoza juu ya misonobari: futi 67 za zege na chuma, juu ya msingi wa futi 10. Wengi hupiga picha hapo na kuendelea na safari yao. Wanakosa mengi.

Nilipitiliza hadi makumbusho yake, karibu na chuo kikuu chenye jina lake. Jumatatu kwa kawaida hufungwa. Uwanjani ipo Steamboat House, nyumba ya mbao iliyojengwa kwa umbo la meli ya mtoni, nyembamba, yenye baraza ndefu ubavuni. Si mahali pake pa asili. Ilihamishiwa hapo mwaka 1936. Humo Houston alikuwa mpangaji, na humo alifariki kwa nimonia tarehe 26 Julai 1863, akiwa na miaka 70.

Mtu aliyekuwa rais wa Jamhuri ya Texas na gavana wa majimbo mawili aliishiaje kwenye nyumba ya kupanga? Jibu liko Austin, mji mkuu wa Texas. Februari 1861 mkutano wa kujitenga na Marekani ulipiga kura 166 kwa 8, na wapiga kura wakaunga mkono. Tarehe 16 Machi maofisa walitakiwa kuapa utii kwa Shirikisho la Kusini, muungano wa majimbo yaliyojitenga. Jina la gavana likaitwa, Houston hakuitika. Alivuliwa madaraka, nafasi ikachukuliwa na naibu wake, Edward Clark. Rais Lincoln wa Marekani alikuwa tayari kumpelekea askari, lakini Houston hakutaka damu imwagike Texas ili yeye abaki kitini.

Ujasiri huo naustahi sana. Lakini mtu huyohuyo alimiliki watumwa, na orodha ya mali yake alipokufa iliwataja 12. Ndiyo maana kwenye makaburi ya Oakwood alikozikwa, dakika chache kwa gari, nashauri usiishie kwenye mnara wake wa mwaka 1911 unaomwonyesha juu ya farasi. Usimtafute mkewe Margaret pembeni yake pia: alikufa kwa homa ya manjano mwaka 1867, akazikwa upesi katika mji wa Independence kwa hofu ya maambukizi.

Tafuta kaburi la Joshua Houston, mhunzi aliyekuwa mtumwa wa familia hiyo. Baada ya kifo cha Sam alimpelekea Margaret akiba yake ya fedha. Mama huyo akakataa, akamwambia awasomeshee watoto wake. Baadaye Joshua alichaguliwa kuwa kamishna wa Kaunti ya Walker, na mwanawe, Samuel Walker Houston, akaanzisha shule ya watoto weusi karibu na Huntsville.