Hilux inavuma kwenye 80: siku ya tatu chini ya gari

Leo nimempata mchawi. Kwa kifupi, mwezi uliopita gari ilibadilishwa senta beringi ya propela gereji (propela ni ile shafti ndefu inayopeleka mzunguko kutoka gia boksi mpaka ekseli ya nyuma, na senta beringi ndo inayoishikilia katikati), mjini ikawa inaenda poa tu, ila nikifika ile barabara nyoofu ya Dakawa nikigusa 80 inaanza vuuum, kiti kinatetemeka mpaka mgongo unasikia, na maji kwenye chupa pale karibu na gia yanachora viduara.

Jumamosi nikakimbilia tairi, nikapiga balansi zote nne, nikahamisha za mbele nyuma, wapi! Hela imeenda bure wakati kuna kipimo cha bure kabisa: ukiwa 90 na barabara haina mtu weka nyutro uache gari iserereke. Yangu injini ilishuka mpaka mzunguko wake wa chini kabisa na mvumo ukabaki vilevile, kwahiyo sio injini wala klachi. Alafu difu yangu, yaani gia za ekseli ya nyuma, ni meno 41 kwa 10, maana yake tairi ikizunguka mara moja propela inazunguka 4.1, so kwenye 80 tairi inapiga kama mizunguko 10 kwa sekunde na propela kama 40. Tairi ikiwa mbovu inakurusharusha taratibu, hii ilikuwa ya haraka, kama mashine ya kusaga unayoisikia kwa mbali.

Jumapili nikaingia chini. Krosi zote, yaani viungo vinavyoiruhusu propela kupinda, nimezitingisha kwa mkono, hazichezi, vikombe havina ule unga mwekundu wa kutu, vibati vya balansi vipo na propela haijabonyea popote. Nikatoka nimechoka kweli.

Leo nikalala tena na tochi nikaichungulia propela ya nyuma kuanzia senta beringi mpaka difu, aisee, masikio (vile vishikio vya chuma vinavyobeba krosi) ya krosi ya mbele na ya nyuma hayako mstari mmoja! Yamepishana kama meno mawili ya pale propela inapochomekana. Aliyefunga beringi aliichomoa propela kwenye meno bila kuweka alama, akarudisha ilivyoingia. Na hili sio jambo dogo, kwa sababu krosi ikifanya kazi imepinda haizungushi sawasawa, kila mzunguko inaongeza kasi mara mbili na kupunguza mara mbili, na krosi ya pili ndo inafuta kosa la mwenzake, ila mpaka masikio yalingane na pembe za pande zote mbili ziwe sawa.

Nikapiga tipeksi kwenye flenji ya difu, nikafungua boliti nne, nikachomoa, nikasafisha meno, grisi mpya, nikarudisha huku nikipima na rula ya chuma kwenye masikio mpaka yakakaa sambamba. Jioni Dakawa: 80, 90, 100, maji kwenye chupa yametulia tuli. Nilifurahi jamani!

Kimebaki kitetemeko kidogo nikiondoka na mzigo. Hapo nashuku pembe, maana niliongeza jani moja la springi mwaka jana na difu imebadilisha mkao. Jumamosi napima na pimamaji ya kwenye simu, gari tupu na gari ikiwa na mzigo, kabla sijachongesha kabari ya kuinamisha difu.