Stesheni wagoni ya milioni nane

Mtoto wetu wa pili alipotimiza miezi minne, mimi na mke wangu tulikubaliana kwamba kale kagari kadogo ambako shemeji alikuwa akituazima kila Jumapili kalikuwa kameshindwa kazi. Kiti cha mtoto kilikaa upande mmoja, mkubwa akakaa katikati akipiga mateke, na kigari cha kusukumia kichanga hakikuwa na pa kwenda isipokuwa mapajani mwa mama mkwe. Tulikuwa na akiba ya shilingi milioni tisa, na kabla ya kumpigia simu dalali yeyote tuliamua kwamba milioni moja kati ya hizo haitaingia katika bei ya gari hata muuzaji akilia machozi. Kwa bei hiyo gari lo lote utakalopata litadai matengenezo ndani ya mwezi wa kwanza, na asiyetenga fedha za kazi hiyo huliegesha nje mpaka mwisho wa mwezi.

Wazo la kuagiza kutoka Japani tulilifikiria kwa jioni moja tu. Bei zinazoonyeshwa mtandaoni huvutia, lakini mnunuzi hulipa pia usafiri wa meli, ushuru wa forodha, kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya asilimia 18, na kwa gari lililozeeka ule ushuru wa ziada ambao watu huuita wa uchakavu. Zaidi ya hayo, Mamlaka ya Mapato (TRA) hukokotoa kodi kwa kuangalia thamani iliyomo katika mfumo wake, kwa hiyo kubahatisha gari la bei ya kutupa mnadani hakumaanishi kwamba kodi nayo itakuwa ya kutupa. Tulipojumlisha, milioni tisa haikutufikisha hata nusu ya safari ya kupata stesheni wagoni, yaani gari dogo lenye buti refu lililoungana na sehemu ya abiria, ya umri wa kuridhisha. Tukabaki na njia moja, ya kununua mkononi hapahapa Dar es Salaam.

Hapa kuna jambo linalowapoteza watu wengi, nami lilinipoteza kwa wiki mbili nzima. Wanunuzi wa Dar hupanga magari kwa herufi za namba ya usajili: hii ni namba B, hii C, hii D, na kila herufi inaposonga mbele bei nayo hupanda. Herufi hizo zinaeleza gari lilisajiliwa lini Tanzania, hazielezi lilitengenezwa lini. Corolla Fielder ya mwaka 2003 iliyokaa Japani miaka kumi na mbili kabla ya kuletwa inaweza kuwa na namba D, huku mwenzake wa mwaka 2005 aliyeletwa mapema akiwa na namba B na kudharauliwa. Mwaka wa kutengenezwa umeandikwa kwenye kadi ya gari, na ndio niliokuwa nikiuliza kwanza tangu nilipojifunza hilo.

Moyoni nilitaka Probox. Ni gari ambalo Toyota ilianza kulitengeneza mwaka 2002 kuchukua nafasi ya Corolla na Caldina za mizigo, na sifa zake barabarani kwetu hazihitaji mtetezi. Ukiona kitu cheupe kimepakia magunia hadi kinalalia matairi ya nyuma na bado kinakupita mlimani, mara nyingi ni lenyewe. Tulikwenda kuliona moja Tabata, na mama mkwe, ambaye hakuwa ameombwa maoni, akafungua mlango wa nyuma, akaketi, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Baba, hapa mimi Moshi sifiki." Nilipoketi pembeni yake nilimwelewa. Kiti kilikuwa chembamba, mgongo wake umesimama wima, na magoti yangu yaligusa kiti cha mbele. Baadaye nilijua sababu: aina nyingi za Probox zilisajiliwa Japani kama magari ya mizigo, na sheria ya huko inataka gari la namna hiyo liwe na eneo la mizigo kubwa kuliko eneo la abiria. Kwa maneno mengine, abiria wa nyuma walinyang'anywa nafasi kwa makusudi ili magunia yapate pa kukaa. Kwa mfanyabiashara hilo ni jema. Kwetu sisi, wenye kiti cha mtoto kinachohitaji nafasi mbele yake ili kichanga kitazame nyuma, halikufaa.

Tukahamia kwenye Fielder ya toleo la kwanza, lile lililotoka mwaka 2000 na kuendelea hadi 2006. Ni Corolla ya kawaida iliyoongezewa buti refu, viti vya nyuma ni vya watu, na vinalala ukitaka kubeba kitanda. Fundi wangu wa Ilala alinipa sharti moja tu kuhusu injini: nitafute ile ya 1NZ, yaani cc 1500, na niwe mwangalifu na ya cc 1800 inayoitwa 1ZZ, kwa kuwa zile za miaka ya mwanzo zina tabia ya kula oili. Zote mbili hutumia mnyororo wa taimingi, ule unaoendesha valvu za injini, badala ya mkanda, kwa hiyo hakuna hofu ya mkanda kukatika njiani.

Fielder ya kwanza tuliyoiona ilikuwa inang'aa kiasi cha kutia shaka. Rangi mpya, dashibodi imepakwa mafuta, ndani inanukia manukato. Fundi hakuifungua boneti. Alikwenda moja kwa moja nyuma, akainua zulia la buti, akatoa ubao, kisha akalitoa tairi la akiba na kuliweka chini. Alinionyesha kwa kidole: upande wa kushoto wa lile shimo la tairi, mshono wa kiwandani ulikuwa umenyooka na una gundi laini; upande wa kulia palikuwa na matone ya kuchomelea yaliyofunikwa kwa rangi nyeusi, na chini yake maji yaliyotuama pamoja na kutu. Akabandika kasumaku kadogo kwenye bati lililo juu ya taa ya nyuma ya kulia, kakaanguka. Akakabandika upande wa pili, kakanata. Gari lilikuwa limegongwa nyuma na kujazwa puti, ile lepe ya kuziba mabonde ambayo sumaku hainati. Katika stesheni wagoni hapo ndipo watoto na mizigo hukaa, na ndipo maji huingilia mwili ukikosa kunyooka. Muuzaji akasema, "Kaka, gari haina mambo," nasi tukamshukuru kwa muda wake.

Ya pili ilikuwa Mbezi, ya mzee mmoja mstaafu, rangi ya fedha iliyofifia, mwaka 2004, namba C. Nilimwomba mzee asiiwashe kabla hatujafika, na saa moja asubuhi boneti ilikuwa ya baridi. Hilo ni muhimu, kwa sababu injini iliyopashwa moto huficha mengi. Fundi alifungua kizibo cha rejeta na kukuta maji safi yasiyo na mafuta, akatazama chini ya kizibo cha oili na kukuta hakuna ule utando kama maziwa unaoonyesha maji yamechanganyika na oili, kisha akaniambia nigeuze ufunguo nusu tu na nihesabu taa za dashibodi. Taa ya injini na ya mifuko ya hewa lazima ziwake kwanza ndipo zizimike gari likishawaka. Zisipowaka kabisa, mtu amezichomoa ili usione tatizo. Zote ziliwaka, zote zikazimika. Moshi wa ekzosi haukuwa wa bluu, yaani injini haikuwa ikila oili. Giaboksi iliingia D ya kwenda mbele na R ya kurudi nyuma bila kushtuka. Mke wangu, kwa upande wake, alivuta mikanda ya nyuma yote mitatu kwa nguvu, na mmoja haukurudi.

Kasoro zilikuwepo na mzee hakuzificha: shokapu za nyuma zimechoka, AC inapuliza upepo tu, na mlango wa buti haukai juu wenyewe, hivyo aliushikilia kwa mpini wa deki aliokuwa ameukata kwa kipimo. Matairi yalikuwa na kashata (meno) nzuri, ila tarakimu nne zilizochapwa ubavuni zilisomeka 1813, yaani wiki ya 18 ya mwaka 2013. Mpira wa umri huo huweza kupasuka hata kama haujalika. Kwa sababu hizo tuliteremka kutoka milioni nane na nusu hadi milioni nane kamili.

Kabla ya fedha kutoka, tulilinganisha namba ya chesisi na ile ya kwenye kadi halisi, si kivuli, maana kadi halisi inaweza kuwa imelala kwa mkopeshaji. Niliingiza namba ya gari katika mfumo wa polisi nikakuta deni la kosa moja, shilingi 30,000, ambalo mzee alililipa palepale akilalamika juu ya trafiki wa Kibamba. Tuliandikiana mkataba kwa wakili, na wiki hiyohiyo tukahamisha umiliki TRA kwa kutumia namba za mlipakodi (TIN) zetu wote wawili. Rafiki zangu wawili bado wanaendesha magari yenye majina ya watu wengine, mimi nisingelala.

Milioni ya akiba iliondoka hivi: matairi manne, shokapu za nyuma za mtumba kutoka mtaa wa Gerezani, ule mkanda mmoja wa kiti, oili na filta, pamoja na bima ndogo. AC ilibaki, na itasubiri. Mwezi Desemba tulipakia kigari cha kichanga, mabegi matano na ndoo ya samaki wakavu, tukapita Chalinze na Segera kabla ya jua kali, na mama mkwe alilala kuanzia Mombo hadi Same. Tulipofika Moshi niliufungua mlango wa buti, nikauegemeza kwenye mpini wa deki.