Inuka, mbona umeanguka kifudifudi?

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii imenilemea sala moja inayorudiwa sana katika maombi yetu: "Bwana, mbona tunashindwa?" Sala yenyewe haina kosa, hata Yoshua aliiomba. Israeli walipopigwa pale mji wa Ai na watu kama 36 wakafa, alirarua mavazi yake, akaanguka kifudifudi mbele ya sanduku la Bwana hata jioni, yeye na wazee, wakatia mavumbi vichwani. Maombolezo hayo tunayahubiri. Jibu la Mungu tunalipita haraka: "Inuka, mbona umeanguka kifudifudi hivi?"

Makocha wa futiboli ya vyuo kule Marekani, ile ya kubeba na kurusha mpira kwa mikono, si soka yetu, wanaliishi jibu hilo kila wiki. Mechi huchezwa Jumamosi, na wengi wao wana kanuni ya saa 24: lia, nyamaza, kasirika, lakini muda huo ukiisha tunaketi mbele ya video. Timu hushambulia mara 60 hadi 70 hivi katika mechi moja. Kila shambulio ni la sekunde tano au sita, nalo hurudishwa nyuma na kutazamwa tena na tena, mchezaji mmoja baada ya mwingine, huyu akipewa alama ya kujumlisha na yule ya kutoa.

Tuseme mrusha mpira ameangushwa kabla hajarusha, na uwanja mzima umemzomea. Video inaonyesha alipata sekunde mbili tu. Kwa nini? Mmoja wa wale watano wa safu ya mbele wanaomkinga alipiga hatua ya kwanza ndefu mno. Hatua ile hufundishwa iwe ya kama inchi 6, mguu ukiwa karibu na nyasi. Akiirefusha, anagongwa mguu mmoja ukiwa bado hewani, na mtu wa kilo 130 anampita. Kwa nini aliirefusha? Amechoka. Kwa nini amechoka? Hakuna wa kumpokea. Na kwa nini benchi halina mtu? Hapo video haiwezi kujibu, inabidi twende ofisini.

Sasa someni Yoshua 7:14 taratibu. Kabila kwa kabila, jamaa kwa jamaa, nyumba kwa nyumba, kisha mtu kwa mtu, mpaka katika hema la Akani, aliyeiba vitu vilivyokatazwa: joho nzuri, shekeli 200 za fedha, na kabari ya dhahabu, vyote vimefukiwa ardhini. Wale watu 36 hawakuwahi kukanyaga hema lile. Walikufa vitani kwa kitu kilichofichwa mahali wasipopajua.

Ninyi mlioko Houston, mkishika barabara ya 290 kuelekea kaskazini-magharibi mnafika Prairie View A&M, chuo cha watu weusi kilichoanzishwa 1876. Chini ya kocha Billy Nicks, timu ya chuo hicho ilikuwa bingwa wa taifa wa vyuo vya watu weusi mara 5 kati ya 1953 na 1964. Timu hiyohiyo, kuanzia 1989 hadi 1998, ilipoteza mechi 80 mfululizo. Mwaka 1990 haikucheza kabisa, na iliporudi 1991 ilirudi bila ufadhili wa masomo kwa wachezaji, wakati sheria ya daraja lao iliruhusu chuo kutoa nafasi zaidi ya 60. Msimu ule wa 1991 walicheza mechi 11, wakafunga pointi 48, wakafungwa 617.

Anayeijua futiboli anaona mara moja kilichotokea. Kijana mkubwa na mwepesi huenda kwenye chuo kinachomlipia ada, kwa hiyo safu ya mbele inabaki na wanafunzi waliojitolea tu. Timu hupewa majaribio 4 ya kusogeza mpira yadi 10, ikishindwa mpira unakwenda kwa mpinzani. Safu ikiwa dhaifu, yadi hizo hazipatikani. Mpira unapigwa mbali kumwachia mpinzani, na walinzi wanarudi uwanjani kabla hawajapata pumzi. Kufika robo ya nne, ile ya mwisho, hawakabi tena kwa bega na miguu, wanashika kwa mikono tu, na mikono peke yake haimwangushi mtu anayekimbia. Mtazamaji anasema vijana hawa hawana moyo. Jamani!

Na hapa niwaambie wazi, wazee wenzangu na viongozi wa vikundi. Tumekuwa wepesi mno kusema "adui" na "vijana wa siku hizi hawaombi". Adui yupo, simkatai. Lakini kwaya ikikosa kinanda miaka mitatu, mwalimu wa Shule ya Jumapili akiwa mmoja kwa watoto 50, na watu walewale watano wakifagia, wakipika, wakikesha na kutembelea wagonjwa, kisha tukawasimamisha mbele na kuwakemea kwa baridi yao, tunamzomea mrusha mpira. Mungu hakumwambia Yoshua aongeze kilio. Alimwinua akachunguze. Na safari ya pili ya Ai, ile ya sura ya 8, hawakwenda tena elfu mbili tatu kwa kudharau kazi. Aliambiwa achukue watu wote wa vita. Daftari la matumizi liletwe kwenye kikao kabla ya majina ya vijana. Tuhesabu nani amepumzika mwaka huu na nani hajapumzika.

Na wewe uliye uwanjani, unayetumika mahali pasipo na mtu wa kukupokea, sikia. Kijana aliyeingia Prairie View 1990 akamaliza 1994 hakuonja ushindi hata mmoja, na bado walipatikana waliovaa jezi ile kila Jumamosi, wakijilipia ada, huku ufadhili ukienda kwa wapinzani wao. Waebrania 11 inawajua watu wa namna hiyo: walishuhudiwa kwa sababu ya imani yao, wala hawakuipata ile ahadi. Matokeo yako madogo hayajafuta jina lako mbele za Bwana. Usiivue jezi.

Tarehe 26 Septemba 1998 Prairie View waliifunga timu ya chuo cha Langston 14 kwa 12, na ule mfululizo wa kushindwa ukakoma.