Honda ya mzee na ile habari kwamba "haina filta"

Nina Honda CG125 ya zamani aliyoniachia marehemu baba, na kila nikisimama sheli au kwenye kijiwe cha boda swali ni lile lile, filta ya oili iko wapi? Naelewa watu wanavouliza, maana sa hivi tumezoea gari, na kwenye gari ukimwaga oili lazima ubadilishe na filta, sasa ukiona pikipiki la zamani halina lile kopo la filta unaona kama kuna kitu waliacha kufunga kiwandani. Hilo swali limenigharimu hela na nusura liniulie injini, ndo maana naandika nilivopita humo.

Mzee alikuwa bwana shamba wa pamba upande wa Misungwi. Hiyo Honda ndo ilikuwa miguu yake, kijiji kwa kijiji, na sisi watoto tulikuwa tunajua sauti yake hata kabla haijatokea kwenye kona ya mkonge. Alipostaafu akaipaki stoo, akaifunika turubai, ikakaa miaka 11. Kuku walikuwa wanatagia kwenye siti. Baada ya msiba tukakaa kikao cha familia, mama akasema pikipiki apewe huyu, nami nikaikodia Kanta nikaileta Nyakato ninapoishi. Sikutaka kuiuza hata siku moja, niliitaka itembee.

Kuifufua haikuwa kazi sana. Tenki lilikuwa na kutu nikalisafisha kwa kokoto na mafuta ya taa, kabureta ikafunguliwa, matairi mapya, waya wa klachi mpya, plagi, kiki ya saba au ya nane ikawaka na mama aliyekuwa kwenye simu akasikia akanyamaza kimya. Shida ilianza kwenye oili.

Fundi kijana niliyempa kazi akamwaga oili ya zamani, nyeusi tii, akaniangalia akasema kaka hii haina filta, yani uchafu wote huu unazunguka kwenye injini, ukiendesha hivi utainoki mwezi haufiki. Akasema dawa yake ni kufunga filta ya nje. Mimi nikaona ana hoja! Nani anataka uchafu uzunguke kwenye injini ya baba yake? Nikamwambia fanya. Akafungua kava la kulia lile la upande wa klachi, akatoboa matundu mawili, akafunga nipo na mipira miwili, akaleta filta ya Corolla akaifungia kwenye fremu kwa klempu. Ukiiangalia kwa nje ilikuwa imependeza kabisa, kama kitu cha maana.

Siku ya tatu natoka mjini naelekea Igoma, nimepita Mabatini vizuri tu, mbele kidogo nikasikia tapeti zinalia, ta ta ta ta, na kadri ninavopandisha moto ndo zinazidi. Nikazima hapo hapo pembeni ya barabara. Injini imechemka mpaka harufu ya rangi inatoka. Nikaisukuma mpaka nyumbani, kesho yake nikafungua mwenyewe kile kifuniko cha juu kwenye silinda hedi na nilichokiona kiliniuma, rokapini kavu, roka moja (kile kimkono kinachobonyeza valvu) imeshaanza kuchanika pale inapogusa valvu, rangi ya bluu bluu ya chuma kilichoungua. Oili ilikuwepo, tena ya kutosha kabisa, ila juu haifiki.

Nikauliza uliza nikaelekezwa kwa mzee mmoja Kirumba, karibu na mwaloni pale wanaposhusha dagaa, fundi wa zamani sana ambaye sa hivi anafanya zaidi injini za boti. Nimefika, shikamoo babu, marahaba mwanangu, nikamweleza yote toka mwanzo. Akaizunguka pikipiki mara moja, akagusa ule mpira wa filta kwa kidole, akauliza, "Nani alikwambia hii haina filta?"

Nikakosa jibu.

Akaniambia nitoe oili, nitoe kiki na kistendi cha mguu, nilegeze waya wa klachi, alafu nifungue boliti za kava lile lile la kulia. Ndani ukishatoa kava unaona klachi, bakuli kubwa, na mbele yake kwenye ncha ya krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, kuna kikopo cha duara kimefunikwa na kifuniko chenye skrubu tatu. Babu akasema hicho hapo, hiyo ndo filta yako. Yani yule fundi kijana alikuwa amefungua hapo hapo, amekiona kwa macho yake, akadhani ni sehemu ya klachi.

Skrubu zilikuwa ngumu, tukazigonga kidogo kwa bisibisi ya kugonga zikaachia. Kifuniko kikatoka. Jamani. Ukuta wa ndani wa kile kikopo ulikuwa umejaa tope pande zote, rangi ya majivu, zito linavutika kama ulimbo, unene karibu milimita 5, limejipanga sawasawa kama mtu alilisiriba kwa mwiko. Babu akanipa kijiti cha mti, akakataa nisitumie bisibisi nitakwaruza, nikalikwangua taratibu na lote lilijaza visoda viwili. Nikachukua kidogo nikasugua kwenye kidole nikatoka nje juani, kulikuwa na vimeta vinang'aa kama mchanga wa dhahabu wa Geita. Huo ni unga wa injini, wa klachi, wa gia, wa miaka yote ambayo mzee alizunguka kukagua pamba za watu. Nilikaa nao kwenye kidole muda mrefu.

Inavofanya kazi babu alinieleza kwa ndoo. Chota maji ya ziwa yenye mchanga, ishike ndoo kwa mkono uizungushe kwa nguvu hewani, maji hayamwagiki, na mchanga kwa sababu ni mzito unakandamizwa kwenye kitako. Sasa kile kikopo kimefungwa kwenye krenki, krenki ikizunguka mara elfu kadhaa kwa dakika nacho kinazunguka vile vile, oili inaingia, uchafu mzito unatupwa ukutani unang'ang'ania hapo, oili safi inabaki katikati na ndo inayoingia kwenye tundu la krenki kwenda kwenye beringi ya konrodi, mkono unaounganisha pistoni na krenki. Chini yake ndani ya kava hilo hilo kuna chujio la wavu linalozuia vipande vikubwa visiingie kwenye pampu. Basi. Hakuna karatasi, hakuna kitu cha kununua. Ila, na hapa ndo pa kushika, ukimwaga oili kwa boliti ya chini lile tope halitoki, liko ukutani kule limejishikilia, kwa hiyo mtu anaweza kumwaga oili miaka 20 kwa uaminifu kabisa na asiwahi kusafisha filta hata mara moja.

Na ile filta ya Corolla iliniharibia kwa sababu pampu ya CG ni ndogo, haina presha ya pampu ya gari, ukiilazimisha isukume oili kwenye mipira mirefu na karatasi iliyotengenezwa kwa ajili ya injini ya gari inachoka, na anayekosa wa kwanza ni roka huko juu kabisa mwisho wa njia. Matundu tukaenda kuchomelea kwa mafundi wa aluminiamu, roka nikapata ya pikipiki ya Mchina ikaingia bila shida, gasketi ya kava pia, maana hizi SanLG na wenzake nyingi tunazozipanda kila siku injini zake zimeigwa kutoka CG hiyo hiyo. Nikawaza boda wangapi hapa Mwanza wana kikopo kile ndani na hawajui.

Nilivosoma baadae nikaelewa kwamba Honda hawakusahau kitu. CG ilitoka 1976, ilitengenezwa makusudi kwa nchi kama zetu baada ya kuona wateja wa huku wanavotumia pikipiki, mzigo mkubwa, vumbi, oili haibadilishwi kwa wakati. Ndo maana wakarudi kwenye pushrodi, zile fimbo zinazosukuma roka, badala ya cheni ya kamu, na kamu yenyewe (mhimili unaofungua valvu) ina jino moja tu linalosukuma pushrodi zote mbili. Hao hao Honda CB750 yao ya 1969 waliiwekea filta ya karatasi, kwa hiyo ujuzi walikuwa nao, wakaamua hii ndogo ibaki na kitu kisichohitaji spea.

Sasa pikipiki zote za zamani ziko hivo? Hapana, na hapa nisimdanganye mtu. Zile za mchanganyiko, tustroki, hazina hiyo habari kabisa, oili inaungua na petroli inatoka kwa silensa, ya gia peke yake ndo unabadilisha. Ila kuna zile za Kiingereza. Babu ujanani aliwahi kutunza pikipiki za BSA za mapadri na anazikumbuka mpaka leo. Zile oili inakaa kwenye tenki lake la pembeni, inashuka yenyewe mpaka kwenye pampu, inazunguka, pampu nyingine inairudisha tenkini, na nyingi uchujaji wake ni wavu wa waya tu, ambao unazuia kipande cha gasketi lakini unga wa chuma unapita kama maji. Za silinda mbili zina na kishimo ndani ya krenki yenyewe cha kukusanya tope, na kukisafisha lazima upasue injini. Norton, Waingereza wengine, pikipiki yao ya Commando mwaka 1972 ikaanza kuja na filta. Kwa hiyo ukiwa na Mwingereza, kuongeza filta ni jambo jema, mimi naunga mkono kabisa, lakini ifungwe kwenye mpira wa oili inayorudi tenkini, sio kwenye mpira unaoshuka kwenda kwenye pampu. Pale oili inashuka kwa uzito wake tu, ukiweka kizuizi pampu inakosa, injini inakufa. Babu alisema aliona moja imekufa kwa sababu inayofanana na hiyo, mwenyewe alifunga koki kwenye mpira huo ili oili isivujie chini pikipiki ikilala wiki nyingi, siku moja akasahau kuifungua akawasha akaondoka.

Kwa hii yangu nimeacha kabisa kuwaza filta ya nje. Oili namwaga kila kilomita 1500, inaingia lita moja kasoro kidogo, na nanunua ya pikipiki sio ya gari, kwa sababu kwenye CG oili hiyo hiyo moja inalainisha injini, gia na klachi, na zile za gari nyingine zinafanya klachi iteleze. Boliti ya kumwagia nimegandishia kisumaku. Na kitu ambacho watu hawakiulizi kabisa ni filta ya hewa! Vumbi la huku kwetu ni mawe yaliyosagika, pita barabara ya vumbi yoyote ya Buhongwa kwenda ndani nyuma ya Kanta ndo utajua, hilo likipita kwenye kabureta linasaga ringi na silinda alafu linaishia kwenye oili. Sponji naiosha kwa mafuta ya taa kila wiki mbili, nakamua, napaka oili kidogo, narudisha. Kama mtu ana hela ya kitu kimoja tu kwenye pikipiki ya zamani mimi ningemwambia anunue sponji nzima ya hewa kabla hajawaza chochote kuhusu oili.

Mwezi uliopita kilomita zikafika 6000 toka siku ile ya Kirumba, nikairudisha kwa babu tufungue tena pamoja ingawa sa hivi naweza mwenyewe. Nimevuka nayo Kamanga mpaka Sengerema mara tatu, nimempeleka mama Misungwi kuona kaburi, nimebeba magunia ya mpunga. Tukatoa kava, skrubu tatu zikaachia bila kugongwa. Ukutani kulikuwa na utando mwembamba kama ukucha. Babu akachukua kijiti akakwangua, akasugua kwenye kidole akaelekeza juani, hakuna kinachong'aa. Akanirudishia kijiti, akasema funga.